Kutu Isiyopenda Maji

Asubuhi ile Inspekta Évode Nkusi aliambiwa ahamishe gari lake uani ili kifaru kipate pa kukaa.

Alimuuliza mlinzi kifaru gani. Mlinzi akasema ni kile kilichokamatwa Biryogo, jeshi linakileta, na mkubwa ameamuru ua wote uwe mtupu. Nkusi akatoka kwenye mvua ya Aprili, akakibembeleza kigari chake cha Suzuki hadi kikakubali kuwaka, akakipeleka nje ya lango kwenye tope, akarudi ofisini viatu vimeganda udongo mwekundu. Uani palikuwa patupu kweli. Hata baiskeli ya karani ilikuwa imeondolewa. Watu wote wa parike, kama wakazi wa Kigali wanavyoiita ofisi ya mwendesha mashtaka, walikuwa wamejipanga barazani na vikombe vya chai mkononi, wanangoja.

Kifaru kilikuja ndani ya kasha la biskuti.

Koplo mmoja alishuka nalo kutoka kwenye jipu la jeshi, akapita katikati ya wenye chai zao, akaliweka juu ya meza ya Nkusi na kumtaka atie sahihi. Ripoti iliyoambatana nalo ilikuwa na maneno mazito. Ilisema vimekamatwa magurudumu ya kifaru, minyororo ya kifaru, bodi ya kifaru na kichwa cha kifaru chenye mzinga, vyote vikuukuu na vyenye kutu, vilivyofichwa nyumbani kwa fundi rangi Shafiq Saidi, mtaa wa Biryogo. Ilitaja tarehe, ikataja majina ya askari waliopekua, ikataja hata hali ya hewa. Jambo moja tu halikutajwa, nalo ni ukubwa. Nkusi alichukua gurudumu moja, akaliweka kwenye kiganja. Lilikuwa sawa na kizibo cha chupa ya bia.

Alilirudisha kashani. Kisha akatoka barazani akawaambia watu warudi kazini, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini, ilimbidi awaonyeshe. Walicheka. Yeye hakucheka, maana gari lake lilikuwa topeni, na maana aliijua sehemu ya pili ya ripoti ile, ambayo wao hawakuisoma.

Mwaka ulikuwa 1992, vita vya kaskazini vilikuwa havijaisha, na neno kifaru halikuwa neno la mzaha Kigali. Sehemu ya pili ya ripoti ilisema kwamba ofisa wa jeshi, Liyetena Melchior Habimana, atakuja siku hiyohiyo kumchukua mshukiwa kwa mahojiano zaidi, isipokuwa parike ithibitishe kwamba ina kesi yake ya kiraia juu ya mtu huyo. Nkusi alikuwa ameona watu wawili wakichukuliwa hivyo tangu mwaka uanze. Hakuna hata mmoja aliyemwona akirudi. Kwa hiyo alikuwa na asubuhi moja ya kutafuta kosa la kawaida, kosa la kistaarabu, la mtu ambaye huenda hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuchezea vitu vya kitoto. Aliagiza mshukiwa aletwe.

Shafiq Saidi aliingia akiwa amevaa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, mrefu, mwembamba, wa makamo, vidole vyake vyote kumi rangi ya kahawia hadi kwenye viungo. Babu yake alifika Kigali na msafara wa biashara kutoka pwani, na yeye mwenyewe alisema Kiswahili cha kwao bila haraka. Kabla hajaulizwa kitu aliinamia kasha, akatoa gurudumu, akaligeuza kwenye mwanga, akaguna.

"Bwana Inspekta, yule koplo wako amelikwaruza."

Nkusi akamwambia koplo si wake, na akamtaka aketi. Akamuuliza vitu vile ni vya nini. Shafiq akajibu kuwa ni vya kutazama. Nkusi akamuuliza ni vya nani. Hapo maelezo yakaanza, na yalipoanza hayakuwa na breki.

Vilikuwa vya Mbelgiji mmoja, Bwana Lambrecht, mwalimu wa umeme. Huyo bwana alikuwa na maradhi ya kutengeneza vifaru vidogo vya bati na plastiki, na alivitengeneza vizuri, kila msumari mahali pake, lakini vikitoka mikononi mwake vinang'aa kama masufuria mapya. Yeye alitaka kifaru kilichotelekezwa, kilicholala porini mvua ikikinyeshea. Akazunguka Kigali nzima akitafuta mtu wa kumpakia kutu, mpaka akaonyeshwa Shafiq, ambaye maisha yake yote gereji ameyamaliza akiondoa kutu kwenye Peugeot za watu. Mke wake Shafiq alikuwa akimcheka kwa hilo. Alisema mume wangu kwanza alikula kwa kuitoa kutu, sasa anakula kwa kuirudisha.

Nkusi alisema amefahamu. Shafiq akasema hapana, hajafahamu, na akavuta kiti mbele.

"Watu wanadhani kutu ni rangi. Wanachukua brashi, wanapaka kahawia, wanasema kutu hiyo. Kutu haipakwi, Bwana Inspekta. Anayepaka kutu kwa brashi huyo ni mwandika mabango. Kutu unaitegea, itoke yenyewe."

Akaeleza jinsi ya kuitegea. Unapaka kipande chote kahawia ya udongo mbichi, unakiacha kikauke, unakitia vanishi. Kisha unakilowanisha kwa maji, na pale ambapo maji ya mvua yangekaa, kwenye pembe za mlango, chini ya boliti, kwenye mikunjo, unanyunyizia chumvi ya jikoni. Juu yake unapaka kijani cha jeshi. Ikishakauka unakitumbukiza kwenye beseni na kukisugua kwa kitambaa. Chumvi inaondoka na kijani chake, na kahawia inachungulia kwa kingo zilizochanikachanika, zisizo na mkono wa mtu. Mara moja haitoshi. Kwa kipande kimoja hurudia mara tatu, chumvi laini kwanza, chumvi ya mawe baadaye. Alitoa mnyororo wa kifaru kutoka kwenye kasha, akautandaza mbele ya inspekta na kumwamuru aangalie vishimo.

Nkusi aliangalia vishimo. Vilikuwapo, vidogo vidogo, kila kimoja na ukingo wake mkali pale punje ya chumvi ilipokaa. Siku nyingine angependezwa. Siku hiyo alikuwa akisikiliza mlio wa kila gari lililopunguza mwendo langoni, na mtu ambaye yeye Nkusi alikuwa akijaribu kumwokoa alikuwa akimfundisha chumvi.

"Bwana Shafiq," alisema, "unajua nani anakuja kukuchukua?"

Shafiq alisema anajua, ila Mungu ndiye mlinzi, na vifaru vyenyewe mtu mzima yeyote akiviona atajua ni sanamu. Nkusi akamwambia kwamba Liyetena ameshaviona. Hoja ya Liyetena ni kuwa mtu anayejua kuiga kifaru kidogo hivyo, kila boliti, amekiona kikubwa kwa karibu, na anataka kujua alikionea wapi. Isitoshe kuna shahidi. Jirani mmoja alimsikia Shafiq kupitia ukutani akizungumza na mwanamume mwingine, na maneno yaliyoandikwa ni haya: mzinga wa kifaru uko tayari, unangoja ndege.

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Shafiq alinyamaza.

 Akaupanga mnyororo upya juu ya meza, akaunyoosha. Mwishowe akasema hakumbuki kusema hivyo, kisha akaanza tena habari ya chumvi ya mawe, kwa sauti ya juu kidogo kuliko mwanzo. Nkusi akapiga meza kwa kiganja, magurudumu yakaruka. Alimwambia mlinzi amtoe mtu huyu akae kwenye benchi la ukumbini, asimsikie kwa dakika chache, maana alihisi kichwa kinataka kupasuka.

Jirani alikuwa amekwisha kuletwa, anangoja nje tangu alfajiri. Aliitwa Mukasine, muuza maziwa, na mtaani alijulikana kama Mama Keza. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mwavuli umelowa mapajani, na machozi yalikuwa karibu. Kaka yake alikuwa mbele vitani. Alisema aliposikia neno kifaru ukutani hakulala, akaenda kwa konseye, kiongozi wa serikali mtaani, akafikiri konseye atamwita Shafiq na kumuuliza, basi. Hakujua wataleta jipu. Mke wa Shafiq ndiye aliyemshika mkono alipojifungua Keza. Sasa hampokei salamu.

Nkusi alimhurumia, lakini huruma haikumpunguzia hasira. Alimsomea ile sentensi ya mzinga ili aithibitishe na kutia kidole. Mama Keza akatikisa kichwa.

"Mimi sikusema muzinga," alisema. "Mimi nilisema pembe. Yeye alisema, pembe ya kifaru iko tayari, iko nangoja ndege."

"Na mzinga umetoka wapi?"

"Ni karani wa konseye. Alicheka, akasema, mama, kifaru haina pembe, si ng'ombe, kifaru iko na muzinga. Akaandika muzinga. Yeye amesoma, mimi nikanyamaza."

Nkusi aliweka kalamu chini. Alimuuliza, polepole, kifaru ni nini.

"Ni ile gari ya vita. Igifaru. Si radiyo inasema kila siku?"

Alimshukuru akamruhusu aende. Alipofika mlangoni Mama Keza aliuliza kama jirani yake ataachiliwa, naye akamjibu kuwa hajui, ambalo ndilo jibu la kweli pekee alilokuwa nalo asubuhi hiyo.

Kisha akabaki peke yake, akamtukana kimoyomoyo karani wa konseye na wote waliosoma ili wasahihishe maneno ya wenzao. Kabla ya kuletwa Kigali, Nkusi alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Rusumo, kwenye daraja la mpakani na Tanzania. Kiswahili alikijifunza kwa madereva wa malori, na aliyajua maneno ambayo mtu wa Kigali hayajui. Kwa Kinyarwanda, igifaru ni lile dude la chuma tu. Mnyama ana jina lake, ni inkura, na hakuna anayechanganya majina hayo mawili. Bali kwa dereva wa Ngara, au kwa mtoto wa Kiswahili wa Biryogo, kifaru ni mnyama kwanza. Ana pembe. Na pembe yake haiuzwi sokoni. Inasafirishwa kwa siri, na inapanda ndege.

Kwa hiyo Shafiq hakuwa jasusi. Alikuwa mficha magendo, na mjinga, na Nkusi karibu acheke kwa furaha, kwa sababu magendo ni kesi ya kiraia. Tatizo likawa moja. Askari walikuwa wameipekua nyumba ile mpaka wakachimba sakafu ya jikoni, na hawakutoka na chochote isipokuwa kasha la biskuti. Pembe ilikuwa wapi?

Alifunga mlango, akavitoa vipande vyote na kuvipanga juu ya gazeti chini ya dirisha. Magurudumu yalikuwa na vishimo vya chumvi. Bodi, ndefu kama ndara ya mtu mzima, ilikuwa navyo kila kona, na michirizi ya kutu ikishuka chini ya kila boliti jinsi maji yanavyoshuka. Minyororo ilikuwa navyo. Akachukua kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu ya mviringo inayobeba mzinga. Kilijaza kiganja chake, kizito kuliko bati, chepesi kuliko chuma. Alikileta karibu na macho, akakizungusha chote, akarudia. Hakikuwa na kishimo hata kimoja. Rangi ilikuwa nene, ya mafuta, na kwenye kahawia yake zilionekana nyuzi za brashi, zote zimeelekea upande mmoja.

Alikaa nacho mkononi. Mtu yule alikuwa amemchosha tangu asubuhi kwa kusema kutu haipakwi, na hapa alikuwa ameipaka, kama mwandika mabango. Hakuna fundi mwenye majivuno kiasi kile anayevunja sheria yake bila kulazimika. Kitu gani kingemlazimisha? Chumvi inataka maji, na kusugua kunataka beseni. Basi kipande hiki hakikutakiwa kulowa.

Nkusi aliagiza vitu viwili, beseni la maji na mshukiwa.

Shafiq aliporudi alianza kuuliza kama kuna chai. Nkusi hakumjibu. Alichukua kichwa cha kifaru kwa vidole viwili, akakishusha taratibu kuelekea kwenye maji, na Shafiq akaruka kutoka kwenye kiti akamshika mkono. Mlinzi alimvuta nyuma. Nkusi akamwambia mlinzi atoke na afunge mlango.

"Umeniambia unatumbukiza kila kipande kwenye beseni," alisema. "Mara tatu."

Shafiq alijifuta uso kwa kofia. Hakuwa na habari tena ya chumvi. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pembe ikilowa inavimba, rangi inapasuka, na inatoa harufu ya zizi. Aliletewa na dereva asiyemjua jina, kipande cha kitako, kimeshakatwa, kina umbo la kuba tayari. Alitakiwa akifanye kifanane na kitu ambacho hakuna ofisa wa uwanja wa ndege atakayekiuliza, kisafiri na vifaru vya Mbelgiji, naye Mbelgiji hajui lolote. Kwa nini alikubali? Alisema hajui. Kisha akasema alikubali kwa sababu aliona umbo lile na akajua mara moja kitakavyokuwa, na hilo Nkusi aliliamini.

"Mbona hukusema tangu asubuhi? Wanataka kukuua, wewe unanisomesha vanishi."

"Nilidhani sanamu zitaniokoa, Bwana Inspekta. Ningesema pembe ningefungwa."

Nkusi alipumua. Akamweleza kama anavyoelezwa mtoto kwamba kufungwa ndiyo habari njema. Mtu aliyekamatwa na pembe mkononi, akakiri, ni wa parike. Atapelekwa kwa hakimu mwenye joho, atahukumiwa, atakaa gerezani, mke wake atamletea chakula, na siku moja atatoka. Liyetena hana hakimu. Shafiq alisikiliza, na alipoelewa alikubali kwa haraka ambayo ingemchekesha mtu siku nyingine. Nkusi aliandika ungamo ukurasa mmoja na nusu. Shafiq akatia sahihi, nzuri, yenye mikunjo.

Wino ulikuwa haujakauka sawasawa Liyetena alipoingia bila kubisha.

Melchior Habimana alikuwa kijana mnadhifu, buti zake hazina tope hata siku kama ile. Uofisa alifundishiwa Zaire, na kutoka huko alirudi na Kiswahili cha huko. Alimtazama Shafiq kama mzigo uliofungwa tayari, akauliza kama wamemaliza. Nkusi akasema wamemaliza, na kwamba kesi hii si ya jeshi. Hakutaka kubishana, alikuwa amebishana vya kutosha. Alikwangua kitako cha kichwa cha kifaru kwa kisu cha bahasha mpaka rangi ikatoka, akawasha kiberiti, akakiunguza mahali pale. Ofisi ikajaa harufu ya nywele zinazoungua, ambayo ndiyo harufu ya pembe.

Liyetena alirudi nyuma, akaufunga mlango mwenyewe. Alikisogelea kile kipande, akakinusa, akakipima kwa mkono. Nkusi akampa ungamo asome. Alilisoma lote, bila haraka, akalikunja mara mbili na kulitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Raporo yangu inasema nini?" aliuliza.

"Inasema kichwa cha kifaru. Lakini hiki ni—"

"Kichwa ya kifaru. Ni kintu ya jeshi ile."

Nkusi alisema ni kielelezo cha parike, na kwamba bila hicho hana kesi. Alisema hayo sauti ikiwa imepanda, na hakujali. Alitaja sheria, akataja vifungu. Liyetena alimngoja amalize kwa adabu, huku akikifunga kile kipande kwenye gazeti lililokuwa mezani. Nkusi akauliza, na mtu je?

"Mutu gani? Huyu anachezeaka na magari ya batoto?" Liyetena alitabasamu. "Umuachilie. Arudi kwake." Kisha akamgeukia Shafiq, akamtazama kitambo. "Nyumba yako ni ile ya mulango ya kijani, si ndiyo? Nyuma ya musikiti."

Shafiq aliitikia kwa kichwa. Liyetena akamtakia mchana mwema, akatoka na gazeti kwapani.

Nkusi alikwenda dirishani. Jipu liliuzunguka ua mtupu lote, kwa raha zake, likatoka. Alirudi mezani akawa anavitupa vipande vya kifaru ndani ya kasha kimoja kimoja, kwa nguvu. Asubuhi nzima. Alikuwa amemtafutia mtu huyu kosa, akalipata, akalithibitisha kwa moto, na sasa hakuwa na kosa, wala kielelezo, wala ungamo. Alimwambia Shafiq amesikia, aondoke, achukue na takataka zake.

Shafiq hakuondoka.

"Niende wapi, Bwana Inspekta?" alisema. "Pembe anayo yeye. Anayejua anayo ni mimi." Akafikiri kidogo. "Mimi na wewe."

Nkusi alikuwa hajajihesabu. Aliketi.  Yeye alikuwa na kazi, cheo, na mkubwa wake angeuliza akipotea; huenda hayo yangetosha, huenda yasitoshe. Shafiq alikuwa na mlango wa kijani. Jeshi likimtaka mtu aliye ndani ya mahabusu ya parike lazima liombe kwa maandishi, kwa jina, na Liyetena hangependa kuandika jina hili popote. Lakini mahabusu haimpokei mtu asiye na kosa.

"Nifunge, tafadhali," alisema Shafiq.

"Kwa lipi? Kuwa na magurudumu ya bati?"

Alifikiri. Akavuta karatasi, akaandika kwamba mtajwa amekwamisha kazi ya upelelezi kwa makusudi tangu asubuhi kwa maneno mengi yasiyohusika. Kila neno lilikuwa la kweli na alifurahi kuliandika, ila alijua halitamweka mtu ndani hata hadi kesho. Hakimu angecheka. Likatakiwa jambo zito zaidi, lenye shahidi. Akanyanyua macho.

"Kumtusi ofisa wa serikali akiwa kazini," alisema. "Hilo wanalifungia. Utasubiri hakimu wiki nyingi, na huku nje Liyetena atapata mambo mengine ya kufanya. Nitusi."

Shafiq alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alisema hawezi. Mtu amekaa naye, ametaka kumnusuru, amtusi vipi? Nkusi akamwambia afanye haraka. Akamwita mlinzi asimame mlangoni. Shafiq akasimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya msikitini:

"Bwana Inspekta, wewe si mtu mzuri."

Nkusi akafumba macho. Akamwambia kwa hilo hatafungwa hata na mkewe. Mlinzi alianza kutabasamu, na kutabasamu kwake ndiko kulikomtia Nkusi hofu. Alinyanyuka akamkaripia Shafiq kwa hasira yote iliyokuwa imejikusanya tangu gari topeni, akamwambia kwamba nje kuna watu watakaokuja usiku kwenye mlango wa kijani na mke wake ndiye atakayeufungua, kwa hiyo atukane kama mwanamume.

Shafiq alianza kulia. Akiwa analia akamwita Nkusi mbwa. Akamwita mshenzi, mla rushwa, hayawani asiye na kwao, kwanza kwa kusitasita, halafu moja likivuta jingine, mpaka makarani wakatokeza vichwa ukumbini na mlinzi akaacha kutabasamu. Katikati alisita, akapangusa pua, akainama na kumuuliza inspekta kwa sauti ya chini kama mama yake yu hai.

"Alifariki," alisema Nkusi.

"Basi yeye nitamwacha," alisema Shafiq, akavuta pumzi, akaendelea kwa sauti kuu. Nkusi aliandika yote neno kwa neno, na kila alipoona anataka kunyamaza alimwomba aongeze.